Waliowahi kugombea uweka hazina wa kikundi cha ngoma chuoni, tupeane uzoefu

Mleta mada, Dodoma
Wakuu, habari za jioni. Nimechukua fomu ya kugombea uweka hazina wa kikundi chetu cha ngoma. Nasoma ualimu, uhasibu siujui. Mchango ni 2,000 kwa mwezi, ila wengi hulipa bumu (hela ya mkopo wa wanafunzi) likitoka tu. Mliombaje kura?

Mwanza
Mwenzangu aliahidi sare mpya. Mimi nilipanda na kaunta buku nikasoma: ngoma kubwa imepasuka ngozi, inataka kuwambwa upya, njuga jozi nane zimekatika kamba, majembe ya kuchezea bugobogobo, ngoma ya Kisukuma, tunaazima, na nauli ya kuyafuata tunachanga siku ileile. Watu wakatulia. Kisha mmoja akauliza hela ya harusi tuliyocheza mwezi wa tano iko wapi. Sikumtaja mtu. Nilisema haikuandikwa popote, na nikipewa nafasi kila mwaliko utakatiwa risiti mbele ya wachezaji. Nilipita kwa kura nne.

Mtwara
Mimi nilishindwa. Kaka mmoja alisimama akasema, "Dada, wewe tuchezee sindimba, hesabu tuachie." Ukumbi ukacheka. Iliniuma sana, maana michango ya muhula mzima nilikuwa naikusanya mimi, chumba kwa chumba, bila cheo. Mdogo wangu, kama kuna msichana anagombea nawe, usikubali ashindwe kwa maneno kama hayo.

Morogoro
Ukishinda, hela isikae kwenye laini yako hata siku moja. Nilikuwa na mkopo wa simu nimeusahau. Michango ya safari ya tamasha Bagamoyo ilipoingia, 38,000 ikakatwa papo hapo. Nilirudisha kwa hela yangu ya kula, na bado wapo walioamini nimeila. Fungueni akaunti ya kikundi benki: andaeni katiba, muhtasari wa kikao kilichoamua, na watia saini watatu. Hilo liseme kwenye kampeni.

Mleta mada
Asanteni sana. Dada wa Mtwara, pole, nimekusikia. Kesho namfuata katibu anipe madaftari ya miaka miwili. Naomba unisaidie jambo moja: wasio na mkopo wa masomo ulikuwa unawapangiaje? Kwetu ni wengi, na kuna wawili wameacha mazoezi kwa aibu ya kudaiwa.