Kampuni inataka kutupa simu na vipima udongo. Tuombe nini kabla ya kusaini?

KatibuMkuranga
Habari za kazi ndugu zangu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mihogo hapa Mkuranga. Tuko 34, wengi kina mama. Mfuko wa jamii wa kampuni moja umetuandikia barua: watatupa simu janja kumi na vipima unyevu wa udongo vinavyotuma taarifa kwenye simu. Wiki ijayo wanakuja, na mpiga picha wao.

Nashukuru, na nasema hivyo kwa moyo. Lakini nina kidonda. Miaka kadhaa nyuma wafadhili wengine walitufungia bomba la maji la kadi: unagusa kadi, maji yanatoka. Lilitufaa sana kwa miezi kumi na minne. Betri ilipokufa tukapiga namba iliyo kwenye kibao, haikupokelewa hata siku moja. Fundi wetu akajaribu kulifungua, skrubu zake hazikubali bisibisi ya hapa. Bibi mmoja jirani yangu bado ameifunga kadi yake kwenye pindo la kanga. Ina salio la shilingi 2,000.

Safari hii sitaki kusaini kwa furaha tu. Niwaombe nini?

BwanaShambaPwani
Pole sana dada katibu. Nianze na vipima unyevu: kwa mihogo, mimi ningevikataa kwa adabu. Muhogo unavumilia ukame. Kinachowamaliza huko ni magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia, na michirizi ni mbaya zaidi kwa sababu mti unaweza kuonekana mzima, ukija kung'oa unakuta mizizi imeoza. Ugonjwa unaenezwa na inzi weupe na pingili mnazogawiana. Ombeni pingili safi.

Simu chukueni. Wekeni Nuru, programu ya PlantVillage iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani na IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo. Unaelekeza kamera kwenye jani, inakwambia ni ugonjwa gani, kwa Kiswahili na bila bando. Google walitoa bure TensorFlow, zana ya kuifundisha kompyuta kutambua vitu kwa mifano, nayo ndiyo iliyotumika kuifundisha Nuru. Lakini zana peke yake isingeyajua majani yetu. Watu waliingia mashamba ya majaribio ya IITA Bagamoyo wakapiga picha jani kwa jani; utafiti wa 2017 ulitumia picha 2,756. Kwa hiyo waulizeni wageni wenu: nani atakanyaga shamba letu, na mara ngapi kwa msimu?

Mkaazi_wa_Thika
Na msiogope kuwaambia wabadilishe mpango. M-Pesa ilianza majaribio mwaka 2005 hapa kwetu Thika na Nairobi, kwa pesa za kampuni ya simu ya Vodafone na za serikali ya Uingereza. Lengo lilikuwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Wateja wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Wenye mradi wakalitazama hilo, wakaacha wazo lao la kwanza, na 2007 ikazinduliwa kama huduma ya kutuma pesa. Mfadhili anayesikiliza yupo, lakini lazima aambiwe.

JiraniKampala
Dada, kuhusu skrubu. Huku kwetu kuna AirQo ya Chuo Kikuu cha Makerere, wanapima uchafu wa hewa. Mwaka 2019 Google.org, tawi la misaada la Google, iliwachagua miongoni mwa miradi 20 ya dunia nzima ikawapa fedha. Vipimo vyao wanavitengeneza hapa hapa, vinastahimili vumbi na joto letu, vingine vinafungwa kwenye bodaboda. Kikiharibika, aliyekiunda yuko Kampala, anakifungua. Andikeni kwenye mkataba: vijana wawili wa kijiji wafundishwe ufundi, vipuri viachwe kijijini, na fedha za matengenezo ziwepo hadi mwaka wa tatu.

KatibuMkuranga
Mungu awabariki. Jana tumekaa chini ya mwembe tukakubaliana: simu tano badala ya kumi, vipima hatuvitaki, fedha hiyo iende kwenye pingili safi na kuwafundisha vijana wawili. Mmoja ni binti, anatengeneza redio za watu tangu akiwa darasa la sita.

Nilimwomba bibi anipe ile kadi niende nayo mkutanoni. Amekataa. Anasema atakuja nayo mwenyewe, na atakaa mbele.