Land Rover 110: klachi haiachii baada ya kuvuka maji ya Nyando

Mkulima_Ahero
Wakuu, habari za jioni. Nina Land Rover 110 ya 1992, injini 200Tdi, giaboksi LT77. Ilivuka maji mengi wakati wa masika, kisha ikalala chini ya mwembe miezi mitano. Injini inawaka vizuri, shida ni klachi. Nikizima injini, gia zote zinaingia laini. Ikiwaka, rivasi inasaga na gia ya kwanza haikubali kabisa. Pedali iko juu na ngumu kama zamani. Masta ya chini (silinda ya kwenye giaboksi inayosukuma klachi) ni mpya, upepo kwenye mafuta ya klachi umetolewa mara mbili. Fundi anataka kushusha giaboksi kesho asubuhi. Ashushe?

Spana17 (Nakuru)
Asishushe bado, mkubwa. Hiyo giaboksi pamoja na transfa yake (boksi la pili la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) ni mzigo wa watu watatu na jeki ya maana, na ukiishusha kabla ya kujua kosa unaweza kuipandisha nalo.

Peleka gari uwanja mtupu, mbele pasiwe na mtu wala ukuta. Injini ikiwa imezimwa, tia gia ya pili upande wa lo (gia nzito za transfa), kanyaga klachi hadi mwisho, kisha gusa stata. Gari likiruka, klachi haijaachia. Likitulia na injini ikawaka, pleti (sahani ya klachi) iko huru na kosa liko kwingine.

Halafu mafuta ya klachi, maana pedali ngumu si ushahidi kamili. Mtu aikanyage na kuishikilia dakika moja. Ikizama polepole, raba za masta ya juu (silinda ya kwenye pedali) zinapitisha ndani kwa ndani hata kama nje ni kukavu. Kwenye gari hili masta ya juu imefichwa ndani ya boksi la pedali, kwa hiyo ikivuja nje utaona unyevu kwenye mguu wa pedali na kapeti, hutauona kwenye injini. Ukishatoa kapeti, pima: ukingo wa chini wa pedali hadi sakafuni milimita 140, na mchezo wa pedali kama milimita 6. Mchezo ukikosekana, tundu la kurudishia mafuta linabaki limezibwa; ukizidi, masta ya chini haisukumi vya kutosha.

Kuhusu upepo: kukanyaga tu mara nyingi hakuutoi wote. Fungua bolti mbili za masta ya chini, sukuma pistoni yake ndani mpaka mwisho, ifunge hapo kwa klampu, nipeli (kitundu cha kutolea upepo) ielekee juu, ndipo utoe upepo. Nusu lita ya DOT 4, yaani mafuta ya breki na klachi, inatosha na kubaki.

Kibuye_JK
Hayo yote sawa, lakini mimi naanza na kitu kidogo zaidi. Kizibo kiko wapi? Chini ya nyumba ya klachi kuna tundu lenye nyuzi. Kizibo chake hufungwa wakati wa kuvuka maji tu, kisha hutolewa. Watu hukisahau humo, na kilichoingia kwa juu hakina pa kutokea.

Kifungue ukiwa na bakuli safi uangalie kinachotoka. Mafuta meusi ni sili ya nyuma ya injini. Mekundu ni sili ya mbele ya giaboksi, kwa sababu LT77 hutumia ATF, mafuta ya giaboksi za otomatiki. Yakiwa membamba, karibu hayana rangi, na yanakula rangi ya gari, hayo ya klachi. Maji ya matope hayahitaji maelezo kwa mtu wa Ahero.

Mkulima_Ahero
Kizibo kilikuwemo! Yametoka maji kama kikombe kimoja, rangi ya chai ya rangi, hakuna mafuta. Pedali haizami. Kwenye jaribio la stata gari liliruka.

Kibuye_JK
Basi pleti imeshikana na flaiwili au presha (sahani inayoibana pleti) kwa kutu. Ng'oa kizibo, acha pakauke. Usipulizie mafuta ya kulegeza kutu humo ndani. Yatalainisha kutu kweli, lakini pleti itayanywa na klachi ianze kuteleza.

Leo usiku kandamiza pedali hadi mwisho kwa kipande cha mbao kati yake na kiti, uiache hivyo mpaka asubuhi. Kesho washa injini ikiwa nutro mpaka ipate moto sawasawa, izime, tia gia ya pili ya lo, kanyaga klachi, piga stata. Gari litaondoka hilo. Mguu wa klachi usiinuke. Kanyaga mafuta, achia ghafla, kanyaga tena. Mishtuko hiyo ndiyo inayobandua. Mkono uwe karibu na ufunguo, kwa sababu gari litasimama kwa breki na kuzima injini, klachi haitakusaidia. Usijaribu gurudumu za nyuma zikiwa juu ya jeki. Hii ni 4x4 ya wakati wote, na difu ya kati ikiwa imefungwa za mbele zitavuta na gari litashuka.

Dakika kumi zikipita bila kitu, hapo mwite fundi wako.

Na kuna kizibo cha pili, kwenye kava ya taimingi mbele ya injini. Kifungue leo leo. Maji kwenye mkanda wa taimingi ni hatari kuliko klachi.

Mkulima_Ahero
Imeachia mara ya tatu, ikalia "pah"! Taimingi palikuwa pakavu. Ila rivasi bado inakwaruza kidogo, hasa injini ikiwa moto.

Spana17 (Nakuru)
Rivasi ya LT77 haina sinkro (kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia kabla hazijaingia), kwa hiyo ndiyo kipimo chako. Simama nutro, kanyaga klachi, hesabu mpaka kumi, kisha tia. Ikiingia kimya ni haraka yako tu. Ikikwaruza hata baada ya kumi, kuna kitu kinaendelea kuzungusha shafti ya giaboksi. Kama upepo umeisha kweli, naishuku bushi ya shaba iliyo mwisho wa krenki: ikikauka inashika ncha ya shafti na kuizungusha hata pleti ikiwa huru.

Gari linaweza kutembea hivyo kwa muda, lakini siku giaboksi ikishushwa, bushi ibadilishwe. Kuitoa hakuhitaji mtambo. Jaza tundu lake sabuni ya mche iliyolainishwa, ingiza chuma kinachoenea bila kulegea, gonga kwa nyundo. Sabuni haina pa kwenda, inaisukuma bushi nje kutoka nyuma. Mpya iloweshwe kwenye oili safi ya injini saa 24. Ukiwa na haraka, ijaze oili, ziba ncha zote mbili kwa vidole gumba na ubane mpaka uone oili ikitoka jasho kwenye ukuta wa bushi. Usiipake grisi nyingi, itarukia pleti.

Kibuye_JK
Na foki ya klachi (mkono unaosukumwa na masta ya chini ili kuachia klachi) usiirudishe ile ile. Kwenye LT77 kichwa cha mhimili huitoboa pale kwenye kibonyeo, na ikitoboka pedali inasukuma hewa tu. Nunua iliyochomelewa kipande cha chuma nyuma ya kibonyeo, pamoja na klipu mpya ya plastiki ya kushikia fimbo ya masta ya chini.