Mchezo wa "nikisie" ulishawahi kukuumbua? Tupeane uzoefu, wagosi

BintiMakorora
Jana usiku kwenye grupu letu la tuliomaliza la saba pamoja tulirudia ule mchezo. Mtu anatega jambo lake la kila siku, wengine wanabahatisha, wakishindwa wanampa mji kama vitendawili vya bibi, ndipo anafumbua. Nikatega: asubuhi chai nanywa na nini? Nilijua watasema mkate wa kumimina, maana picha zangu zote ni mkate wa kumimina. Kaka mmoja ambaye hatujaonana tangu 2009 akajibu: "Kiporo cha wali, umekikaanga na kitunguu, unakilia sufuriani umesimama."
Nilikuwa nimesimama. Sufuria mkononi. Nimecheka mpaka nikapaliwa, halafu nikaingiwa na woga. Kajuaje? Hebu na nyie semeni yenu.

MzeeWaBaiskeli
Kiporo ndiyo chai ya kila mtu. Mikate ya picha ni ya wageni.

Shombo_DeepSea
Kweli tupu.

MamaIliki
Mimi walinikisia sukari vijiko vitatu. Nikakubali haraka haraka, vitatu, hongereni. Mume wangu akachungulia simu begani kwangu, akasema kwa sauti: "Vya chakula hivyo, waambie." Na nilikuwa natuma ujumbe wa sauti.

MgosiWaLushoto
Mkate wa kumimina asubuhi? Ule ni wa futari. Na wa siku hizi mnatia mayai, sijui mnaoka keki.

MamaIliki
Ute wa yai unatiwa, mgosi. Mchele uloweke, usage na tui zito na hamira, uumuke, halafu ute. Mkaa juu ya mfuniko, mkaa chini kidogo. Wewe huko milimani kumimina umekujulia wapi?

MgosiWaLushoto
Nimelelewa Ngamiani, barabara zote 21 nazijua kwa miguu. Bibi yangu hakutia yai hata siku moja.

MamaIliki
Bibi yako hakuwa na kuku.

Kingalawa_Mstaafu
Ngojeni niwaeleze yangu yote, maana mada hii imenitonesha.
Ni grupu la familia, watu kama sitini, mashemeji, mawifi, mabinamu wa Mombasa. Siku ya Alhamisi baada ya isha, zamu yangu. Nikatega kwa majivuno: "Nikitoka kazini jioni naanza na nini?" Jibu langu nilishaliandaa, eti nafika nyumbani namsikiliza mwanangu akisoma. Dada akasema kahawa na kashata barazani. Bado. Binamu akasema gazeti. Bado. Wakanipa Pangani nikakataa, nikataka mji mkubwa.
Kabla sijafumbua, shemeji yangu mdogo, dereva wa bodaboda, akaandika: "Supu ya pweza vikombe viwili, ndimu nyingi, pilipili kiasi. Halafu mkono wa pweza kwa kijiti. Akimaliza anatafuna karafuu, ndiyo anapanda baiskeli."
Mke wangu yumo humo grupuni.
Sasa muelewe. Miezi minane nilikuwa nafika nyumbani nakula matonge mawili, nasema tumbo limejaa. Mwenzangu akahangaika: mchaichai, tangawizi, mwisho akanichemshia mwarobaini. Mwezi mzima nimekunywa mwarobaini asubuhi na jioni, kikombe cha bati, naye amesimama anahakikisha nimefika chini. Nikanywa, ningesemaje? Karafuu yenyewe nilimwambia ni ya jino.
Grupu likanyamaza. Vitiki vya buluu tu vinaongezeka. Baada ya dakika kumi hivi mke wangu akaandika neno lake: "Mji nampa mimi. Chukua jikoni."
Nimechukua. Wiki ya tatu hii naikalia mbuzi, nakuna nazi mwenyewe.

Shombo_DeepSea
MWEEE! Chukua jikoni!

BarazaLaChumbageni
Vikombe viwili kila jioni miezi minane, na mtoto bado mmoja? Pweza wa wapi huyo?

NusraM
Mnacheka. Mwanamke kachemsha mwarobaini mwezi mzima. Kaka, umeomba msamaha au unakuna nazi tu?

Kingalawa_Mstaafu
Nimeomba, bibie. Kanijibu "bado", kama kwenye mchezo.

MzeeWaBaiskeli
Mpeleke na yeye akanywe supu, yataisha.

BarazaLaChumbageni
Mtoe grupuni. Mke na grupu la familia wapi na wapi.

NusraM
Ukimtoa utahamia jikoni moja kwa moja. Dawa ni usitege jambo lenye bodaboda ndani yake. Wale wanaona mji mzima.

BintiMakorora
Jamani mada ni kukisiana, siyo pweza.

Shombo_DeepSea
Mada ni pweza sasa, dada, zoea. Supu ndimu inatangulia au pilipili?

MwlWaZamani
Nilitega "naogopa nini", mwanafunzi wangu wa zamani akapata mara moja: nyuki. Akaongeza, "kama Waingereza hapa Tanga 1914." Nilimfundisha mwenyewe vita ile ya Novemba, leo ananipigia nayo.

MgosiWaLushoto
Mwalimu, nyuki wale waliuma pande zote mbili. Hata Wajerumani walionja.

MwlWaZamani
Hilo nalo nililifundisha mimi. Kaa chini.

Upepo_wa_Kusi
Mimi nipo Muscat, mwaka wa sita. Rafiki yangu alikisia: "Ukikaanga samaki unafungua dirisha, unadhani upepo wa Raskazone utaingia." Nikamwambia amekosa, anipe mji. Akanipa Tanga.

MamaIliki
Majirani zako ndio wanaoujua ukweli wa hilo dirisha. Rudi, mwanangu, tutakupikia.

KakaWaTisa
Habari zenu. Mimi ndiye yule wa kiporo, nimetumiwa hii na watu wawili. BintiMakorora, usiogope dada yangu, sikujua kitu. Nilikuwa jikoni kwangu muda ule, nikaandika ninavyokula mimi.

BintiMakorora
Umesimama?

KakaWaTisa
Viti viko sebuleni.

MgosiWaLushoto
Wali wa nazi au wa mafuta?