Naomba ushauri: tuta la bwawa linavuja, Masasi

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Baba ana bwawa dogo la udongo shambani, nje kidogo ya Masasi. Alilijenga kwa mapumziko tu, watoto waogelee na wageni wavue perege. Tuta lina kimo cha kama mita 4, na bondeni chini yake kuna nyumba za majirani. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Tangu mvua za Machi, upande wa nje, kwenye kitako cha tuta, maji yanachuruzika. Nikiyakinga kwenye chupa, mwanzoni yalikuwa maangavu. Sasa yanaacha tope laini chini. Palepale kuna mkorosho, mizizi yake imezama ndani ya tuta. Tumepunguza maji kwa pampu na watoto nimewakataza kuoga. Fundi anataka tushindilie udongo pale yanapotokea. Naogopa, maana maji ukiyaziba huku yatatafuta pengine.

Wenye uzoefu, mkorosho tuukate sasa au tukaushe bwawa kwanza tung'oe na mizizi, isije ikaoza ikaacha mashimo? Na Bodi ya Maji Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini wanakagua hata bwawa dogo la mtu binafsi?