Zebaki ya Geita na sangara wa Ziwa Victoria: mama mjamzito aambiwe nini?

Mleta mada: Ndugu zangu wa Kanda ya Ziwa, tulizungumze hili wazi. Geita mchimbaji mdogo anakamatisha dhahabu kwa zebaki kwenye beseni, kisha anachoma donge la dhahabu na zebaki ili zebaki itoke kama mvuke. Marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa wenye mabaki ya zebaki, yanabaki pale, mvua ikinyesha yanafuata mto. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020, na zebaki bado ipo machimboni.

Kwenye tope la majini bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, na hiyo haitoki mwilini upesi. Dagaa anakula vijidudu, sangara anamla dagaa, na sangara wa kilo 20 amelimbikiza kwa miaka. Inakaa kwenye mnofu, hivyo kukaanga au kuondoa mafuta hakuipunguzi. Anayeumia zaidi ni mtoto aliye tumboni, ubongo wake ukiwa unajengeka.

Mimi nasema kliniki ziwaambie wajawazito waache sangara wakubwa, wale dagaa na sato.

Mchuuzi wa Kirumba: Napinga, kaka. Vipimo vingi vya samaki wa ziwa hili vimekuta zebaki chini ya miligramu 0.5 kwa kilo, kiwango kinachokubalika sokoni. Ukitangaza kliniki, neno "mkubwa" litapotelea njiani. Mama ataacha samaki wote, na nyama ataitoa wapi? Mwaka 1999 Ulaya ilifunga soko kwa sababu ya uvuvi wa sumu, tukakosa hata ada za watoto.

Mleta mada: Dada, hapo kwenye neno "mkubwa" umenishika. Basi sumu isitajwe kabisa. Mama aambiwe tu, "Dagaa na sato ndio samaki wako mpaka ujifungue."

Ila hiyo 0.5 ni ya soko, haijui unakula mara ngapi. Wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya chakula na ya afya ya Umoja wa Mataifa, wameweka kikomo cha mikrogramu 1.6 za methili-zebaki kwa kila kilo ya mwili kwa wiki. Mama wa kilo 60 ana mikrogramu 96. Sangara mwenye miligramu 0.3 kwa kilo, ambaye sokoni anapita bila swali, nusu kilo yake ina mikrogramu 150. Na sisi wa ziwani nusu kilo kwa wiki ni kidogo!

Mchimbaji: Mnahesabu ya sahani, sawa. Lakini kwetu donge linachomwa jikoni, mke yuko pembeni na mtoto mgongoni, wote wanavuta ule mvuke. Kipo kifaa kilichofunikwa kinachonasa mvuke na kurudisha zebaki uitumie tena. Hapa nilipo hatuna hata kimoja. Hizo kliniki zikianza kuelimisha, waanze na mwanamke huyo.