Kwa nini sheria za kazi ziliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani?

Swali
Wanajukwaa, ninalinganisha historia ya sheria za kazi za mashambani nchini Brazili, Marekani na Kenya. Brazili ilikusanya sheria zake za kazi mwaka 1943, lakini wafanyakazi wa mashambani walisubiri sheria yao hadi 1963. Marekani nayo iliwatenga katika sheria ya vyama vya wafanyakazi ya 1935. Je, tatizo lilikuwa ugumu wa kusimamia kazi iliyotawanyika vijijini, au siasa?

Jibu la kwanza
Ndugu muulizaji, ilikuwa siasa. Argentina, yenye mashamba makubwa yaliyotawanyika mno, ilitoa amri ya kuwalinda wafanyakazi wa kudumu wa mashambani mwaka 1944, ikagusa mshahara, mapumziko, chakula na malazi, ingawa wavunaji wa msimu walisubiri hadi 1947. Nchini Marekani, wabunge wa majimbo ya Kusini, ambako mashamba ya pamba yalitegemea jasho la watu weusi, walikuwa na nguvu kubwa bungeni, na hawakutaka vibarua hao wapate sauti.

Jibu la pili
Naomba Kenya isitiwe kapu moja na nchi hizo. Huko sheria haikumsahau mfanyakazi wa shambani, bali ilimfunga: sheria ya mabwana na watumishi ya 1906 ilifanya kutoroka kazini kuwa kosa la jinai, na ile ya 1918 ikawataka maskwota, yaani Waafrika walioishi kwenye mashamba ya walowezi, wamfanyie mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Tanganyika nayo ilipata sheria ya aina hiyo mwaka 1923, na manamba, yaani vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge, waliijua vizuri. Kwa makoloni, basi, ni muhimu zaidi kuuliza ni lini kuacha kazi kulikoma kuwa jinai.

Jibu la tatu
Nakubaliana nanyi, ila ongezeni haki ya kujiunga na chama, kwa sababu bila chama kima cha chini cha mshahara hubaki kwenye karatasi. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba kuhusu haki hiyo mashambani tangu 1921. Nchini Brazili mapinduzi ya 1964 yaliwakandamiza viongozi wa vyama vya vijijini mwaka mmoja tu baada ya sheria yao kupita, na usawa na wafanyakazi wa mijini ukaandikwa katika katiba ya 1988. Jimbo la California nchini Marekani lilitunga sheria yake ya haki hiyo mwaka 1975, baada ya migomo ya wachuma zabibu iliyoanzia Delano mwaka 1965, lakini katika sheria ya shirikisho ule utengaji wa 1935 haujaondolewa.