Jarida la muziki wa roki: walengwa wangu ni nani hasa?

Swali
Ndugu zangu, nimepewa kazi ya kubuni jarida la muziki wa roki katika kozi ya usanifu, nikaandika kwamba walengwa ni "wapenzi wote wa roki, wa miaka 15 hadi 50". Mwalimu ameirudisha. Nimekosea wapi?

Jibu la kwanza
Kosa ni hilo neno "wote". Nchini Uingereza, jarida la Kerrang! lilianza mwaka 1981 kama nyongeza ya gazeti la Sounds, likiwalenga wapenzi wa hevi metali (roki nzito yenye magitaa makali), na hata jina lake linaiga mlio wa gitaa la umeme. Mwaka 1986 likaja jarida la Q, lililowalenga watu wazima wenye fedha za kununua CD na subira ya kusoma mahojiano marefu. Yote mawili yaliandika kuhusu roki, lakini wasomaji walikuwa mbalimbali.

Jibu la pili
Naafiki, ila umri pekee hautoshi. Eleza pia msomaji wako anasomea wapi na ananunua nini. Kijana anayepamba chumba chake atataka mabango ya kubandika ukutani, ilhali mzee wa makala za kurasa nane anahitaji nafasi tupu na herufi zisizomchosha macho. (Maandishi meupe juu ya weusi, ambayo wanafunzi huyapenda mno, ni adhabu kwake.)

Muulizaji
Nashukuru. Nitawachagua wapiga gitaa chipukizi wa miaka 16 hadi 22, na yale maandishi meupe nitayabakiza kwenye jalada tu.